Shangazi na Mbuzi Wasiokuwepo

Mtu wa Eastlands, Nairobi, haogopi kuwa maskini. Anachoogopa ni kuutaja umaskini wake jirani akisikia. Kodi ikimshinda, kuna pesa "zinakuja". Asipokula mchana, amefunga. Kwa hiyo nilishangaa shangazi yangu aliponipigia simu na kusema amesikia serikali inawalipia wasiojiweza bima ya afya, naye anataka aandikwe. Huyu ndiye shangazi ambaye huwaambia wateja wake wa chapati na madondo pale steji Kayole kwamba anauza ili tu asikae bure nyumbani.

Habari yenyewe alikuwa ameisikia sawasawa. NHIF, bima ya taifa tuliyokuwa nayo tangu 1966, ilifunga kazi, na kuanzia Oktoba 1, 2024 tukakabidhiwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Mwenye mshahara hana la kujieleza: asilimia 2.75 inakatwa kabla hajaiona. Mama mboga, fundi wa viatu na mtu wa bodaboda hawana hati ya mshahara, kwa hiyo wanaulizwa maswali, kompyuta inakisia kipato chao, kisha inawapigia hesabu. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ila unatakiwa utoe wa mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Ndipo Oktoba 2025 Rais William Ruto akazindua mpango wa serikali kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Shangazi alijihesabu humo tangu siku ya kwanza.

Tulianza kwa simu, tukakwama hapohapo. Namba ya siri ya kuthibitisha ilikuwa inatumwa kwa laini ya zamani ya shangazi, ambayo siku hizi anaitumia binamu yangu, kondakta wa matatu. Tukampigia. Akatusomea namba huku muziki unanguruma na abiria anadai chenji yake. Sita zikageuka tisa. Alipozirudia, namba ilikuwa imekwisha muda, na yule abiria, ambaye sasa alikuwa anafuatilia kesi yetu kwa makini kuliko binamu, ndiye aliyetushauri tumtafute mhudumu wa afya ya jamii aje nyumbani.

Mhudumu alikuja Jumamosi na simu yake na mkoba wenye mzani na kipimo cha presha. Dada mpole, hana haraka. Tatizo ni kwamba Jumamosi ndiyo siku ya maji kwenye ploti ile. Uani kulikuwa na mitungi ya manjano imejipanga kutoka kwenye bomba hadi getini, na kila mtungi una mwenyewe amesimama kando yake, hana la kufanya ila kusikiliza.

"Ukuta wa nyumba ni wa nini?"

"Mawe," akajibu shangazi, akipaza sauti ili hata wa getini asikose.

"Na paa?"

Hapo hata mimi nilitatizika. Shangazi anakaa orofa ya tatu kwenye jengo la orofa sita. Juu yake si paa, ni sakafu ya mtu mwingine, tena mtu mwenye watoto watatu na mpira.

"Sakafu?"

"Vigae!" Vigae ni vya mwenye nyumba. Alivibandika mwaka jana, kisha akapandisha kodi ili wapangaji wavilipie.

"Choo?"

"Cha ndani, cha kuvuta maji." Hakusema kwamba ni cha vyumba vinane, wala hakuutaja ufunguo wake uliofungwa kwenye mwiko ili watoto wasiupoteze. Yeyote aliyewahi kukutana na mtu anakimbia koridoni na mwiko mkononi alfajiri anajua mambo ya Kayole.

Kupikia ni kwa gesi, alisema, kwa sababu yeye na moshi hawapatani. Mtungi wa gesi upo kweli. Uliisha kitambo, ukafunikwa kitambaa cha kufuma, sasa unabeba redio, na jiko la makaa linawashwa mlangoni. Friji? Ipo, tena ya milango miwili. Imekufa, ila ni kabati zuri la unga kwa vile panya hawaingii. Televisheni? Ipo, nayo inalipiwa kila jioni, na asipolipa inajizima yenyewe katikati ya taarifa ya habari.

Nilikuwa ninamkanyaga mguu tangu kwenye choo. Dada alipofika kwenye mifugo nikashusha pumzi, maana mifugo ya wapi Kayole? Lakini muuza omena wa steji, mshindani wake wa siku nyingi, alikuwa wa tatu kwenye foleni, na kabla shangazi hajafungua mdomo akacheka: "Huyo hata kuku hana."

"Mbuzi kumi na watano," akasema shangazi. "Wako nyumbani, Kitui."

Mbuzi hao ni wa baba yangu, na sita kati yao tulishawala kwenye matanga ya babu.

Dada akaweka simu chini. "Mama, nikituma hivi, wewe ndiye utaambiwa uwalipie hawa wote wa foleni." Ploti nzima ikaangua kicheko, na muuza omena akamwomba shangazi asimsahau.

Dada alirudi jioni. Tukafunga mlango, tukashusha pazia, redio tukaifungulia sauti. Sasa shangazi akaelemea upande wa pili. "Andika hatuna hata dirisha."

"Mama, nimeliegemea," akasema dada.

Ukweli ukatoka kwa kunong'ona: makaa, friji bovu, choo cha ploti, mbuzi sifuri. Lakini kuta ziligoma kunong'ona. Ni za mawe, na vigae ni vigae. Mimi hapo ndipo ninapogombana na hesabu hii. Kijijini, mwenye nyasi na mwenye bati unawatofautisha ukiwa barabarani. Huku Kayole, Huruma na Dandora, anayelala njaa na anayeshiba wote wako nyuma ya ukuta uleule wa mawe, na ukuta wenyewe ni mali ya mtu wa tatu anayeishi kwingine. Anayepima mfuko kwa ukuta amempima mwenye nyumba.

Shangazi hakuingia kwenye orodha ya kulipiwa. Alitakiwa kulipa juu kidogo ya kiwango cha chini. Hilo hakulilalamikia sana. Alilolalamikia ni kulipa kwa mpigo, kwani chapati haziuzwi kwa mwaka. Tulichanga kwenye kundi la familia, na baba yangu, baada ya kuulizia mbuzi wake, akatoa nusu.

Kama bado hujajiandikisha, piga *147# au mwite mhudumu wa mtaa wako. Kujiandikisha hakuna malipo, na aliyesajiliwa anatibiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Mchango wa mwaka unatakiwa ukilazwa au ukipelekwa hospitali kubwa. Hakikisha laini yako ya simu ni yako, mpigie mhudumu mpange siku, na isiwe siku ya maji.