Sanda ya Mama Mkwe

Nyumbani kwetu Kiembeni muvi haihukumiwi na magazeti. Huhukumiwa na mama mkwe wangu, na hukumu yake haina rufaa. Yeye ni mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, na amekulia zama ambazo Mombasa ilikuwa na Regal, Naaz na Majestic, na kwenda kutazama picha ya Kihindi lilikuwa jambo la kuvalia na kujifukiza udi. Majumba hayo hayaonyeshi picha tena. Yeye naye alivuka daraja la Nyali kama walivyovuka wengi wa kisiwani, akahamia bara, na sasa anaishi nasi. Katika sanduku lake ameweka hati za shamba, picha ya marehemu mumewe, na bafta nyeupe aliyoilowesha maji ya Zamzam alipokwenda Makka. Bafta hiyo ni sanda yake. Kila mtu nyumbani alijua, isipokuwa mwanawe wa kumzaa.

Mkasa wenyewe ulianzia mbali. Desemba 2024 watoto walitung'ang'ania twende Nyali tukatazame Mufasa. Baba watoto akapiga hesabu ya tiketi, tuktuk ya kwenda na kurudi, na bisi ambazo ukizinunulia mle ndani unajiuliza kama mahindi yake yalipandwa mwezini. Akanuna, akalipa. Mama mkwe alijitanda leso moja kichwani na nyingine akajifunika magoti kwa sababu ya baridi ya mle, kisha akaanza kazi yake.

"Huyu ndiye yule wa mwanzo?" akauliza kwa sauti ya ukumbi mzima.

"La, Bibi, huyu mwengine."

"Simba wote sura moja! Sasa nitajuaje nimuonee nani huruma?"

Nami nasema kweli alisema. Katuni ya mwanzo ya simba hawa, ya mwaka 1994, ilikuwa ya kuchorwa, na simba wake walicheka, wakanuna, wakalia machozi. Hawa wa mwongozaji Barry Jenkins wametengenezwa kwa kompyuta hadi ukadhani wamepigwa picha Tsavo, na simba wa Tsavo hana uso wa kukuonyesha kwamba ametendwa. Kitindamimba wangu aliipenda sana, akarudi akiimba nyimbo za Lin-Manuel Miranda hadi jirani akatuuliza kulikoni. Lakini kisa kilimgusa hata mama mkwe. Yatima amechukuliwa na mafuriko, akalelewa na wasio wazazi wake, kisha ndugu wa kulelewa naye, Taka, akamgeuka. Hapo mama mkwe aliwahubiria watu wasiomjua wala asiowajua: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe!" Safu ya nyuma ikamwitikia.

Tulipofika nyumbani baba watoto aliapa hatalipa tena tiketi za ukoo mzima. Tangu hapo tukawa wateja wa duka la muvi la mtaani, ambako unampa kijana flashi na yeye anakupakia upendavyo. Muvi zikaanza kutuletea hasara za aina nyingine. Pushpa 2, ya mwaka huo huo wa 2024, inakwenda zaidi ya saa tatu. Allu Arjun anasafirisha magogo ya msandali mwekundu kwa magendo, anapigana na maadui akiwa amevaa sari, na wakati wote huo mbaazi zangu za nazi zipo motoni. Nilikuwa najiambia akimaliza huyu mmoja nitaamka. Haishi mmoja! Sufuria nililolikuta halikusafishika. Hukumu ya mama mkwe: picha nzuri, ila ingefaa iwe na mapumziko kama za zamani, mtu akapakue.

A Quiet Place: Day One ilimkera. Lupita Nyong'o anacheza mwanamke mgonjwa wa saratani, yuko New York siku majitu yanapoteremka kutoka angani. Majitu hayaoni, yanawinda kwa kusikia, basi anayetoa sauti ameliwa. Lupita anaigiza kwa macho tu na unaielewa hofu yake yote. Taabu ni kwamba muvi ya kimya haiwezi kutazamwa Kiembeni. Ukimya ukiingia kwenye runinga, tuktuk inapiga honi. Lupita akizuia pumzi, kanisa la nyuma linajaribu spika za kesha. Mama mkwe naye hakuacha kugomba kuhusu paka ambaye Lupita anamkumbatia muvi nzima. "Roho yake yenyewe haina hakika, ya nini kukimbia na paka?" Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Nyinyi hapa mungeliwa dakika ya kwanza."

Ndipo Aprili 2025 ikaingia, na Sinners ikatoka. Baba watoto humpenda Michael B. Jordan tangu alipokuwa adui katika Black Panther, na safari hii mwongozaji ni yule yule, Ryan Coogler, naye Jordan anacheza mapacha wawili, Smoke na Stack. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama mkwe alikuwa amekwenda Likoni kwenye hitima na alituaga kwamba atalala huko. Baba watoto akaona mwanya. Akaazima projekta kwa rafiki yake anayepiga vidio za harusi, akapakiwa muvi dukani, akaalika majirani. Kilichokosekana ni kitambaa cheupe. Ukuta wetu wa nje ni wa kijani, na shuka zetu zote zina maua. Michael B. Jordan angetokea na waridi kwenye paji la uso.

Nilitoka jikoni na sinia la viazi karai nikakuta kitambaa kimeshatundikwa kwenye waya wa kuanikia nguo, kuanzia mwarobaini hadi nguzo ya tangi la maji. Kilikuwa cheupe pe, kirefu, hakina hata kunyanzi.

"Baba watoto, kitambaa hiki umekitoa wapi?"

"Kwa mama. Kilikuwa kimekaa tu."

Nilimuuliza kama anajua kilikuwa kimekaa kikimngoja nani. Akanyamaza. Rangi ikamtoka. Lakini ua ulikuwa umejaa, watoto wa watu wameshaketi kwenye jamvi, na spika ilikuwa imeanza kupiga gitaa la Mississippi. Akaninong'oneza kwamba atakitoa mara tu muvi itakapokwisha, na kwamba Likoni ni mbali.

Ilikuwa nakala ya wizi, iliyorekodiwa na mtu aliyeketi sinemani. Kila baada ya muda kichwa chenye kapelo kilipita mbele ya pacha mmoja, na mtu asiyeonekana akawa anakohoa. Bafta kwa wepesi wake ilipitisha picha upande wa pili, na vijana wa bodaboda wakaegesha huko njiani wakatazama nao, kila neno la Kiingereza likiwatokea kinyumenyume. Ilipofika mahali pa faragha, baba watoto alivua kofia yake ya vito akaziba nayo lenzi. Picha ikapotea, sauti zikabaki, ikawa mbaya zaidi. Shangazi wa jirani akaanza kukohoa kwa makusudi.

Kisa chenyewe kinaenda hivi. Ni mwaka 1932. Mapacha wamerudi kwao wakiwa na pesa za Chicago, wamenunua kiwanda kikuukuu, wanafungua ukumbi wa ngoma kwa watu weusi. Usiku huo huo wanyonya damu wanafika mlangoni. Lakini hawawezi kuingia kwa nguvu. Ni lazima aliye ndani awakaribishe. Basi wanasimama nje na vinanda vyao, wanatabasamu, wanabembeleza. Uani kwetu hakuna aliyetafuna. Mtoto mmoja akasema polepole, "Msiwakaribishe, msiwakaribishe."

"Hodi!" sauti ikatoka gizani. "Hodi wenyewe!"

Hakuna aliyeitikia. Mtoto wa jirani alipiga ukelele akaingia chini ya meza ya viazi.

"Hodi! Kwani humu wamekufa?"

Alikuwa mama mkwe. Likoni maji yalikatika, wageni wakawa wengi kuliko ndoo, akaamua kupanda feri arudi kulala kwake. Taa ya tuktuk iliyomleta ilipiga moja kwa moja kwenye kitambaa, picha ikafutika yote, ikabaki bafta tupu inang'aa, na pembeni uzi wa kijani aliouweka kama alama kwa mkono wake.

Aliutazama ule uzi. Akamtazama mwanawe. Tuktuk ilipoondoka, wanyonya damu wakarudi juu ya sanda wakiendelea kutabasamu.

"Sanda yangu," akasema. "Ya Zamzam. Umeitundika uonyeshee mumiani?"

Baba watoto hakuwa na jibu.

"Tena muvi yenyewe ya wizi?"

Tulidhani atalia au atamlaani. Akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya wote. "Endelezeni. Imeshachafuka, basi ichafuke kwa faida."

Akaitazama hadi mwisho. Akampenda Annie, yule mganga wa mizizi aliyemfunga Smoke hirizi na aliyekuwa wa kwanza kutambua wale si watu. Na Grace, mwenye duka, alipopandwa na hasira akawaambia walio nje waingie, mama mkwe alisimama kitini: "Mjinga we! Usiku hukaribishi mtu hujamuona uso!" Muvi ilipokwisha aliwaaga majirani kwa adabu zote, kisha akamgeukia mwanawe na kumuuliza kama anaikumbuka Mother India ya mwaka 1957. Baba watoto akasema anaikumbuka.

"Nargis alimfanya nini mwanawe mwishoni?"

"Alimpiga risasi, mama."

"Basi ulale salama."

Fidia ilikuwa ya mafungu matatu. Bafta mpya kutoka Mtaa wa Biashara, aliyoichagua mwenyewe baada ya kuzungusha wenye maduka asubuhi nzima. Maji ya Zamzam, tuliyogaiwa chupa moja na jirani aliyetoka Umra. Na la tatu, kulipia kilichoibwa: twende Nyali tukaitazame Sinners kwa tiketi. Baba watoto aliyekuwa ameapa akalipa bila kupumua.

Na huko ndiko nilikoelewa kwamba kumbe hatukuwa tumeitazama. Kuna mahali kijana Sammie anaimba ndani ya ule ukumbi, na wimbo wake unawaita waliotangulia na watakaokuja. Wapiga ngoma wa Afrika wanatokea kati ya wachezaji, na pembeni yao mpiga gitaa la umeme wa miaka ambayo bado haijafika, wote wanacheza sakafu moja. Kwenye bafta yetu yote hayo yalikuwa moshi na kapelo la mtu. Coogler aliipiga kwa filamu ya milimita 65, na kijana wa flashi ametupa robo yake tukashukuru. Mama mkwe aliyeshaijua muvi yote bado alipiga kelele, "Usimkaribishe!" Ukumbi ukacheka, na mwanamke wa safu ya mbele akageuka akampungia mkono.

Lakini tuzo yake hakuipa Sinners. Baadaye binti yangu alikuja na Mvera, filamu ya Daudi Anguka ya mwaka 2023, ambayo Kenya iliipeleka kushindania Oscar ya filamu ya kimataifa. Linah Sande anacheza msichana wa huku huku Pwani. Vijana wa kijijini wanaahidiwa kazi ng'ambo, na ahadi hiyo imeficha biashara ya viungo vya binadamu. Haina pesa za Marekani, na kuna mahali mwendo unalegea. Ila wanaoongea ni watu unaoweza kuwakuta stendi ya Kiembeni, na ahadi yenyewe si ngeni. Nyumba ngapi mtaani kwetu zina binti aliyepanda ndege kwenda Ghuba kwa neno la wakala?

Mama mkwe hakuuliza huyu ni nani na yule ni nani. Hakutoa methali. Ilipokwisha aliomba simu, akampigia mjukuu wake aliye Riyadh, akamuuliza amekula nini, analala saa ngapi, na pasipoti yake anaishika nani. Waliongea hadi salio likakatika.

Kwa hiyo hukumu za nyumba yetu ni hizi. Mufasa ni ya watoto, wapelekeni, nanyi mjifunge leso. Pushpa 2, zima jiko kwanza. A Quiet Place: Day One itazame ukiwa ugenini kwenye kimya. Sinners, lipa tiketi, kwa sababu nakala ya flashi itakudhulumu wewe kabla ya kumdhulumu Coogler. Na Mvera ndiyo ya kwanza. Ukiwa na binti anayejazishwa fomu za kazi ng'ambo, mketishe aitazame kabla hajatia sahihi.