Michezo 5 ya Wainuit Inayodai Brashi

Wewe mchoraji wa sanaa dhahania uliyekodolea macho kanvasi tupu tangu asubuhi, twende Aktiki. Huko mistari, duara na mdundo vimo michezoni tayari. Tunahesabu kushuka!

5. Kuvutana masikio
Wawili huketi wakitazamana, kitanzi cha uzi kikipita nyuma ya sikio la kila mmoja, kisha hurudi nyuma wakivutana. Ni kipimo cha kuvumilia maumivu, kwa watu waishio kwenye baridi kali. Rangi? Nyekundu, hakuna mjadala!

4. Nalukataq
Wainupiat, yaani Wainuit wa kaskazini mwa Alaska, husherehekea msimu mzuri wa kuwinda nyangumi mwezi Juni. Watu hushika pembezoni mwa ngozi za sili zilizoshonwa pamoja na kumrusha mwenzao juu. Duara moja, nukta moja angani. Ukiongeza kingine, umemshusha mrukaji kabla ya wakati wake.

3. Teke la miguu miwili
Ruka miguu ikiwa pamoja, gusa kinachoning'inia, tua kwa miguu yote miwili. Masimulizi yanasema mwindaji alipiga teke hili kwa mbali ili kijiji kijue kuwa windo limepatikana. Simu isiyoishiwa chaji! Kwa brashi, ni mkwaju mmoja wa kupanda. Usiurudie.

2. Uzi wa vidole
Uzi mmoja wa kano hugeuka dubu, mara sungura. Baadhi ya Wainuit waliucheza majira ya kupukutika, jua likizidi kushuka, ili walinase lisitoweke. Nani kasema sanaa dhahania ilizaliwa Ulaya?

1. Katajjaq
Wanawake wawili hushikana mikono, uso kwa uso, wakipokezana sauti za kooni: upepo, mto, bata bukini. Anayecheka au kuishiwa pumzi ameshindwa. Wamisionari waliupiga marufuku mchezo huu. Mwaka 2014 Quebec iliutangaza urithi wa utamaduni. Chora rangi mbili zinazokimbizana, na kicheko kiachie nafasi.

Ila kabla ya kuchovya brashi, tazama kazi za wenyewe. Wasanii wa Kinngait, Nunavut, wamekuwa wakitoa michoro ya chapa tangu miaka ya 1950, na bundi aliyechorwa na mmoja wao, Kenojuak Ashevak, mwaka 1960 aliwekwa kwenye stempu ya Kanada mwaka 1970. Jifunze kanuni za mchezo, kisha uandike jina lake na la watu wake kando ya mchoro wako. Heshima hiyo haigharimu hata tone la rangi.