Kwa Heshima ya Ekzosi Isiyofunga Mdomo

Ainabkoi tumesifu kila kinachostahili na vingine visivyostahili. Ng'ombe wa maziwa amesifiwa mpaka ameanza kuringa. Viazi vimesifiwa. Miguu ya wakimbiaji wa Kaptagat imesifiwa na dunia nzima, kwa lugha ambazo wenye miguu hawazijui. Hata ukungu wa kuelekea Timboroa, uliokwisha kupeleka malori mtaroni, una wapenzi wanaosimamisha gari kuupiga picha. Lakini sijamsikia hata mmoja, si barazani kwa chifu, si harusini, si kanisani siku ya harambee, akisimama kuisifu ekzosi ya Subaru iliyofunguliwa vali kwa koleo na waya. Hilo ni deni, na leo nalilipa. Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili, aliandika sifa za nzi, na nzi hana hata turbo.

Asifiwaye hapa si chombo cha ovyo. Nazungumzia Legacy B4, zile za kati ya 1998 na 2003, zenye injini ya lita mbili na turbo mbili. Yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wameafikiana wasikizidi. Kenya haikubali kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo hakuna B4 nyingine itakayoteremshwa Mombasa. Zilizopo ndizo hizo, zimepita mikono mingi, na mipira yake ya upepo imekauka na kupasuka.

Mipira hiyo inafanya nini? Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani ya injini hiyo hiyo. Ukiwa na turbo mbili na moshi kidogo, hakuna itakayozunguka vizuri. Wajapani wakaweka mlango kwenye njia ya ekzosi, yaani vali, unaofungwa na kufunguliwa kwa upepo wa mipira ile. Fikiria vinu viwili vya maji kwenye mfereji mmoja. Wakati wa kiangazi, maji yakiwa haba, unaziba mlango wa kinu cha pili ili maji yote yaende kwa cha kwanza, na unga unapatikana. Mvua ikikolea unafungua mlango, na vinu vyote viwili vinasaga. Katika B4 masika huanza injini inapofika mizunguko elfu nne na kitu kwa dakika, na pale katikati, mlango unapofunguka, gari huishiwa pumzi kidogo kabla ya kuruka tena. Wenye magari haya kote duniani wamelipa pengo hilo jina la bonde la mauti.

Kijana wa Ainabkoi, ambaye Bonde la Ufa analitazama bure kila akipenda, hawezi kukubali kubeba bonde jingine chini ya boneti. Tena vali yenyewe imeshakwama, na mipira mipya akiuliza bei anaambiwa aketi kwanza. Basi analala chali juu ya gunia nyuma ya zizi, simu ikimmulikia kutoka kifuani, anaushika mkono wa vali kwa koleo, anauvuta mpaka mwisho, na kuufunga kwa waya uliobaki walipotengeneza ua. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Mlango uko wazi kiangazi na masika, vinu vyote viwili vinapata maji, na chini ya mizunguko elfu tatu hakuna kinachosaga.

Lakini sauti, jamani!

Sauti ina sababu zake pia. Mngurumo wa Subaru za zamani ulitokana na mabomba yasiyolingana urefu: moshi wa upande mmoja ulichelewa kufika, ukagongana na wa upande wa pili njiani, ukatoka nyuma kwa kigugumizi. Kwa mhandisi hiyo ni dosari. Legacy za Japani zilizofuata mwaka 2003 zilipewa mabomba yaliyolingana, na kigugumizi kikapona. Hapa kwetu dosari hiyo ilikuwa imeshapanda cheo. Patrick Njiru alikuwa ameifikisha Subaru Vivio mwisho wa Safari Rally ya 1993 kwa injini isiyofika hata lita moja, Colin McRae akashinda kwa Impreza 1997, Richard Burns naye 2000, na kila mtoto aliyesimama kwenye vumbi akaondoka akiamini kwamba ule mlio ndio uliokuwa ukilisukuma gari. Safari ilirudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha. Imani haikuwahi kuondoka.

Sasa nifike penye ukuu wenyewe wa tendo hili. Huku juu hewa ni nyepesi. Eldoret mjini ni mita 2,100 hivi juu ya bahari, Kaptagat karibu 2,400, na stesheni ya reli ya Timboroa imepita 2,700. Ukivuta pumzi Kaptagat unapata hewa pungufu kwa robo kuliko ya mtu aliyeketi Mombasa akila embe. Mwanariadha huifuata hewa hiyo haba ili damu yake izoee. Injini ya kawaida haizoei. Inapoteza karibu robo ya nguvu zake na kubaki hivyo maisha yake yote. Dawa inayojulikana ni turbo, ambayo husukuma ndani ile hewa iliyokosekana. Kijana wetu basi ametafuta gari lenye turbo si moja bali mbili, dawa maradufu ya ugonjwa wa milimani, ameuza ndama, ameuza mahindi yakiwa bado shambani, amelipa, amelifikisha nyumbani, kisha dawa ameifunga kwa waya.

Watu wa haraka husema ni ujinga. Mimi nasema ni zuhudi. Ni wangapi katika kaunti hii, nisiende mbali, ambao wamewahi kuachia nguvu zikiwa mikononi mwao wakaridhika na kelele peke yake? Viongozi wetu hutaka vyote viwili.

Mtazame na jirani yake mwanariadha. Alfajiri, kwenye barabara za vumbi za Kaptagat, kundi zima la wakimbiaji hupita usisikie ila viatu. Eliud Kipchoge, aliyejinoa kwenye barabara hizo, alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019 na sidhani aliamsha mbwa. Bingwa wa Boston anaweza kupita dirishani kwa kogo, yaani bibi yake, na kogo asijue. Kijana wa B4 hajawahi kupata aibu hiyo. Akiondoka Ainabkoi, kogo anajua. Akifika barabara kuu, kogo bado anajua. Na akipandisha kilima kwa gia ya pili huku turbo zote mbili zimelala, kogo ana nafasi ya kumaliza sala nzima kabla mlio haujapotea. Ni mtoto gani wa siku hizi anayempa mzazi taarifa kamili hivyo?

Mama naye huweka maji ya ugali jikoni akisikia mngurumo kwa mbali, na ugali huiva gari likiingia langoni. Mwizi hawezi kuliiba, maana angefukuzwa kwa masikio. Wakwe watarajiwa hupata muda wa kufunga mlango. Na msiniambie habari za ng'ombe. Ni kweli kwamba ng'ombe akishtuka wakati wa kukamuliwa huzuia maziwa, kwa kuwa homoni ya hofu huikaba ile inayoyateremsha. Lakini maziwa yaliyozuiwa hayapotei, hubaki ya ndama. Tangu lini tukawa watu wa kumhurumia mwenye ndoo na kumsahau ndama?

Vali ikishafungwa kwa waya, zamu ya sailensa hufika. Sailensa ni kopo lenye vyumba na matundu ndani yake, ambamo mlio huzungushwa mpaka uchoke. Fundi wa jua kali hulipasua ubavuni, hutoa matumbo, hupitisha bomba moja lililonyooka na kuchomelea tena, na kwa nje linabaki na heshima zake zote. Chombo hicho kina nasaba ya ajabu. Hiram Maxim, aliyebuni bombomu mwaka 1884, aliwapa Waingereza silaha waliyopanda nayo nyanda hizi kupigana na Wanandi, vita ambavyo kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa ndani yake Oktoba 1905, kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Maxim alizeeka akiwa kiziwi, na alistahili. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alipata hataza ya kifaa cha kunyamazisha bunduki mwaka 1909, na akatengeneza vya kunyamazisha injini pia. Yaani baba alituletea mlio, mtoto akatuuzia ukimya, na katikati ya biashara hizo mbili ardhi ikawa na wenyewe wapya. Kijana anayechana sailensa hajaisoma historia hii. Msumeno wake unaweza kuwa umeisoma.

Yako pia mambo ya sheria. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zilizo chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, zinakataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida. Wataalamu wa B4 wana jibu: sauti inayopita saa tano usiku kila siku ya Mungu, wiki kwa wiki, si ya kawaida kwa namna gani? Askari wa barabarani nao hawajasikika wakilalamika sana. Gari lingine huwafumania wameketi. Hili huwapa muda wa kusimama, kuvaa kofia na kupanga sura.

Kuna mahali sifa zangu zinakwama, na nitapasema. Petroli isiyoungua ikikutana na bomba lililochemka hulipuka humo humo, na kinachotoka nyuma ni mlio wa risasi, wakati mwingine mfululizo. Vijana huupenda kuliko yote. Burnt Forest, usiku, huo si muziki. Pale wapo watu waliokimbia mapigano ya 1992, wakarudi, wakajenga, wakakimbia tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wapo wanaohesabu milio gizani, mkono juu ya mtoto, kabla hawajakumbuka kwamba ni Subaru ya yule wa jirani. Anayeendesha alikuwa mdogo wakati ule, au hakuwa amezaliwa. Sina utani wa kuweka hapo.

Turudi gereji. Uchumi wa kijiji una deni kubwa kwa ekzosi hii. Katalisti, kile chombo kinachosafisha moshi, kina platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wanajua bei kuliko muuzaji. Kijana huiuza ili apate pesa za kuchomelea bomba, kwa hiyo gari huachana na madini yake ya thamani ili lipate chuma cha kawaida, na fundi, mnunuzi na mwenye kibanda cha chai kando ya gereji wote hupata chao. Mwenye petroli hupata kuliko wote. Injini isiyovuta chini hudai kukanyagwa, na ikikanyagwa hunywa. Safari ya kwenda mjini Eldoret na kurudi, ambayo Probox huimaliza kwa mafuta kidogo na bila hadithi, B4 huigeuza mchango kwa kampuni za mafuta. Gari likiitwa ukaguzi kuna sailensa nzima ya kuazima, inayofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Imani nyingi zina vazi la siku ya sherehe.

Siku ya kuuza nayo hufika, kwa sababu ada ya shule haisikilizi mngurumo. Mnunuzi anatoka Kapsabet, kijana mwenzake, anazunguka gari, anapiga teke tairi, anaomba liwashwe. Linawashwa. Kuku wanatawanyika, na uso wa mnunuzi unang'aa namna ambayo bei haitashuka tena. Wanatoka kulijaribu mpaka kilimani na kurudi.

"Boss," anauliza akishuka, "mbona chini haivuti?"

"Hiyo ni gari ya barabara ndefu, mkubwa," muuzaji anajibu, na kumkabidhi ufunguo, kitabu cha gari, na kipande cha waya cha akiba.