Mfarishi wa Mama Mkwe

Dar es Salaam ina njia tatu za kutoa zawadi na kubaki na heshima yako. Ya kwanza ni bahasha. Ya pili ni kutuma kwa simu, pamoja na ya kutolea. Ya tatu ni seti ya vyombo iliyofungwa karatasi inayong'aa, inayobebwa kichwani huku watu wakicheza taratibu kuelekea meza kuu. Ukitokea na kitu ulichokishona mwenyewe, kamati ya harusi inakutazama kwa huruma, na mweka hazina anakuvuta pembeni kukuuliza kama nyumbani mambo ni salama.

Mimi ni mtu wa kushona. Nakaa Chamazi, wilaya ya Temeke, na cherehani yangu ni Butterfly ya kukanyaga niliyorithi kwa baba, aliyekuwa fundi wa barazani Tandika. Mwanamume kushona si ajabu huku kwetu. Shuka Mbagala Rangi Tatu uone mafundi walivyojipanga, futi kamba shingoni, kila mmoja akimwapia mteja wake kwamba nguo imekwisha, bado vifungo tu. Ajabu ni mwanamume anayeshona bila kulipwa. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza mke wangu kwa upole kama labda nina deni ninalolilipa kwa kazi.

Kushona bure kuna hasara moja: habari husambaa. Mshonee shemeji aproni Jumapili, Jumatatu utagongewa mlango na mtu mwenye suruali isiyofunga zipu. Mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, sebule yangu hujaa sketi za bluu na kaptula za kaki, na wenyewe wote husema neno moja: "Si unashona tu hivi hivi, baba?" Maana yake ni kwamba kazi inayofanywa kwa mapenzi haina bei, na isiyo na bei haina foleni.

Wanaonicheka nawakumbusha tulikotoka. Kofia ya mkono ya Unguja na Lamu, ile ya vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, huchukua miezi kushonwa, na wanawake wengi wamewashonea wachumba na waume zao kofia hizo bila kuuliza malipo. Khanga yenyewe ilianza kwa kuunga vipande. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkononi zikiwa bado kwenye gora, wakakata vipande vya leso tatu tatu, kisha wakaunga vipande viwili kupata vazi moja la leso sita. Wafanyabiashara waliponusa faida wakaanza kuagiza vazi zima lililokwisha kuchapwa. Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi tunazotumia leo. Tangu hapo ugomvi wa uani ukapata mahali pa kuandikwa, na mimi nikaandaliwa balaa langu zaidi ya miaka mia moja kabla.

Lakini kwanza nieleze zilikoishia zawadi zangu za mwanzo. Ile aproni ya shemeji, yenye mfuko wa mbele na pindo la kitenge, leo inavaliwa na mtungi wa gesi. Begi nililomshonea rafiki yangu wa Tandale kwa ajili ya kompyuta linabebea nyanya kutoka sokoni, na amenisifia kwamba halivuji. Vitambaa vya makochi nilivyomshonea dada yangu vimefunika redio, friji na ndoo ya maji ya kunywa. Kochi lenyewe liko wazi. Ukiwa mshonaji wa zawadi unajifunza mapema kwamba kitu kikishatoka mikononi mwako kinaanza maisha yake, na wewe huulizwi.

Mtoto wa kaka yangu nilimshonea mto. Nikaenda kununua sufi, maana mto wa sufi ni mwepesi na hauna joto la sponji. Muuzaji akanifungia salfeti, akanionya neno moja tu: "Fungulia ndani, nje kuna upepo." Nikafungulia ndani. Hakusema kitu kuhusu feni. Feni ya juu ilikuwa imesimama kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, na ulirudi wakati nimeingiza mikono yote miwili kwenye salfeti. Asiyewahi kuona sufi ikiruka hawezi kuhadithiwa. Ilipanda darini, ikashuka, ikaingia kwenye sufuria ya maharage, ikamvika paka koti. Mama watoto alipotoka kwenye kikoba chake akasimama mlangoni, akatazama, akauliza: "Mtoto mwenyewe anataka mto, au ni wewe unataka?" Kwa wiki kadhaa tulikuwa tukipiga chafya na kumkumbuka yule mtoto.

Ndipo likaja wazo la mfarishi.

Mama mkwe anakaa Lushoto, juu kule milimani Usambara, ambako mwezi wa saba watu wanaota moto jioni wakati sisi huku Temeke tunalala sakafuni kutafuta ubaridi. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa miwani na kanuni. Nikasema huyu hapelekewi bahasha. Huyu nitamshonea mfarishi wa viraka, mzito, wa kujifunika usiku, na viraka vyote vitoke kwenye khanga zilizovaliwa na watu wa familia. Kila kiraka kitakuwa na mwenyewe. Wazo hili bado naliona zuri. Tatizo lilikuwa utekelezaji.

Sufi niliiogopa, kwa hiyo katikati nikaamua kuweka blanketi kuukuu. Mtindo wa kushona niliuiga kwa Wasidi, watu wa jimbo la Karnataka nchini India ambao mababu wa baadhi yao walitoka pande hizi za Afrika Mashariki. Wanawake wa Kisidi hushona mifarishi inayoitwa kawandi kwa sari na nguo zilizochakaa, na hawaanzii katikati. Huanza na pembe, wakafuata ukingo kuzunguka, raundi baada ya raundi, mpaka wakutane na katikati, na kila pembe huwekwa ua la vipande vya nguo. Hufanya hivyo kwa mkono, wametulia, wamekalia kazi yao. Mimi nilifanya kwa cherehani, mwezi wa pili, Dar es Salaam, blanketi zima likiwa mapajani. Jasho lilikuwa likitiririka kwenye kanyagio. Nikifuata ukingo kuzunguka, nguo yote ya ziada ilisukumwa kwenda katikati, na nilipofika huko nikakuta pametuna kama nundu ya ng'ombe. Nikafumua. Nikashona tena. Nundu ikahamia upande wa miguu, nikaona ni heri, huko itafaa kukalisha vidole.

Halafu kuna uzi wa bobini. Huu una desturi ya kwisha kimya kimya. Unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, mlio ni ule ule, moyo umefurahi, kumbe unashona hewa. Ukinyanyua nguo, mshono wa mita nzima unafunguka wenyewe mbele ya macho yako. Baba alikuwa akisema fundi mzuri huujua kwa sauti uzi uliokwisha. Mimi huujua kwa machozi.

Viraka vya ukingo ndivyo vilivyoniponza. Nilitaka upande wa kichwani uwe na maneno, kwa sababu khanga bila jina ni kitambaa tu. Mama watoto alinipa khanga yake iliyopauka yenye maneno NANI KAMA MAMA. Nikasema hii ndiyo yenyewe, itakaa kichwani kabisa. Lakini kipande kilikuwa kifupi, hakikufika mwisho wa upana. Nikachukua khanga ya dada yangu, ambayo aliinunua zamani wakati hawaelewani na jirani yake kuhusu bomba la maji. Hiyo ilisema HASIDI HANA SABABU. Nilipanga kukata sehemu yenye maua peke yake. Hapo umeme ukakatika tena. Cherehani ya kukanyaga haina habari na umeme, nami nilikuwa na haraka kwa kuwa tiketi za basi zilikwishakatwa. Nikaweka simu mdomoni, tochi ikiwaka, nikakata na kuunga kwa kufuata rangi: nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Ziliendana ajabu. Kipande kilichobaki nikakipeleka upande wa miguuni, nacho kikaenea sawasawa. Nikakunja mfarishi gizani, nikautia kwenye salfeti la mchele, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na nikamwambia mama watoto asifungue, ni jambo la kushtukiza. Alitii. Siku nyingine zote hutii kwa shida.

Lushoto tulipokewa vizuri. Chai, mihogo, mashangazi, majirani, watoto wa majirani. Baada ya salamu na shikamoo zote kuisha nikatoa salfeti, nikatoa hotuba fupi kuhusu thamani ya kazi ya mikono na upendo usionunulika dukani, kisha shemeji wawili wakaushika mfarishi pembe na pembe na kuukunjua mbele ya umati. Watu wakaguna kwa kuvutiwa. Rangi zilikuwa zimekaa, na maua ya pembeni yalisimama vyema. Mama mkwe akavaa miwani. Mwalimu hawezi kuona maandishi akayapita. Akasoma kwa sauti ile ile aliyosomeshea darasa la pili, akifuata kwa kidole:

"NANI... KAMA... MAMA..."

Akatabasamu. Mashangazi wakapiga makofi. Kidole kikaendelea.

"...HASIDI."

Makofi yakafia njiani. Nikasikia kuku nje. Shemeji mdogo, kwa nia njema kabisa, akasema huenda maelezo yako upande wa pili, akazunguka mpaka miguuni, akainama, akasoma: "HANA SABABU."

Huko pwani na Tanga, wanawake wamekuwa wakipelekeana ujumbe kwa khanga tangu enzi za bibi zao. Mtu hununua doti, huivaa, hupita mlangoni kwa mbaya wake mara mbili, na ujumbe umefika bila neno kutamkwa. Kwa hiyo hakuna mtu pale sebuleni aliyedhani maneno yale yamejipanga yenyewe. Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaniuliza taratibu: "Mkwe wangu, haya umeandika mwenyewe, au umetumwa?"

Macho yote yakahamia kwa mke wangu.

"Mama, mimi hata sijauona!" akasema, na kwa kuwa ni kweli, hakuna aliyemwamini. Nikaeleza habari ya umeme, tochi, rangi nyekundu, dada yangu na bomba la maji. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana nimejiandaa. Aliyeniokoa ni shangazi mmoja mzee aliyekuwa kimya pembeni. Alianza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika, mpaka akalazimika kushikilia kiti. Akasema katika maisha yake ameona vijembe vya khanga vya kila aina, lakini cha kulalia hajapata kukiona. Nyumba nzima ikaangua kicheko, na mama mkwe naye akashindwa kujizuia.

Usiku huo baridi ilishuka milimani kwa ukali wake wa kawaida. Asubuhi nilimwona mama mkwe amekaa barazani na chai, mfarishi umemzunguka mabegani, HASIDI ikimwangalia jirani. Nikaomba niufumue ule ukingo niushone upya. Akakataa katakata. Akasema umempa joto, na kwamba miguuni kuna mahali pametuna panapokalisha vidole vizuri sana.

Baada ya muda tulipokea kifurushi kutoka Lushoto kwa basi. Ndani kulikuwa na doti mpya ya khanga yenye maneno SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Juu yake karatasi, kwa mwandiko wa mwalimu: ya mke wako, na isikatwe.

Bahasha nilizotoa kwenye harusi za mji huu sizikumbuki, na waliozipokea hawazikumbuki pia. Mfarishi ule unajulikana mpaka sokoni Lushoto, na wageni huonyeshwa. Adui mkubwa wa zawadi ya kushona ni kabati. Watu wetu wana mazoea ya kuchukua kitu kizuri, kukikunja, kukitia dawa ya nondo na kukifungia humo kikisubiri wageni ambao wakija hukalishwa kwenye mkeka. Afadhali mtungi wa gesi uvae aproni yangu. Afadhali nyanya.

Basi ukishonewa kitu na mtu wako, usikihifadhi. Kitumie, hata kama si kwa kazi aliyoikusudia, hata kama kimepinda, hata kama kinakutukana. Na wewe unayeshona kwa khanga, soma kwanza ndipo ukate.