Sifa za Kiwavi wa Mlimao

Wapo wanaomsifu nyuki kwa asali na ng'ombe kwa maziwa. Mimi leo nasimama kumsifu kiwavi wa mlimao, yule ambaye akishakua huwa kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, na wataalamu humwita Papilio demodocus. Hapa Tunduma, kuanzia Sogea hadi Mpemba, mwenye mche wa limao au chungwa uani anamjua, na akimjua anamlaani. Naona anaonewa.

Sifa yake kuu ni unyenyekevu. Angali mdogo, huvaa kahawia yenye baka jeupe, akakaa katikati ya jani, peupe kabisa, na kila anayemwona hudhani ni mavi ya ndege. Hebu tafakarini, waheshimiwa. Tangu mkoa wetu wa Songwe ukatwe kutoka Mbeya mwaka 2016, ni kiongozi gani amewahi kwenda kazini amejigeuza mavi ya ndege? Kiwavi hana king'ora. Hana msafara wa magari meupe wa kutusukumia mtaroni sisi na bodaboda zetu. Hajakata utepe hata mmoja. Huingia ofisini kimya, akala bajeti yote, jani hadi kikonyo, na hatambuliki mpaka hesabu zimefungwa. Akikomaa ndipo hushona suti ya kijani, rangi ya majani yale yale anayoyamaliza. Hata hapo, ukimgusa hakuulizi kama unamjua yeye ni nani. Hutoa tu pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu ya kukera pua, na shauri limekwisha.

Sifa nyingine nazipitia mbiombio. Hadai posho. Hana likizo. Tena ni mwenyeji wa bara hili, tofauti na kiwavijeshi vamizi wa mahindi, aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa mashambani mwetu. Huyo hakusubiri kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa 2019. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yangali yanasubiri.

Lakini jamani, mche wangu! Mche wa kupandikizwa, nimeulea kiangazi chote kwa maji ya kununua, na mvua ya kwanza iliposhusha majani laini, mheshimiwa akayala yote. Mti mkubwa hausumbuki, huchipua tena. Mche mdogo hubaki fimbo.

Nikaenda duka la pembejeo. Kijana hakuuliza mdudu gani wala mti gani. Akanipa chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, ndani mna kitu cheupe, lebo hakuna. "Hii inaua vyote, mzee." Nichanganye kiasi gani? "Kifuniko kimoja." Kwa maji kiasi gani? "Ndoo." Malimao yaliwe baada ya siku ngapi? Akacheka.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka nzima kwa ajili ya mambo kama hayo, na haikuwa bure. Kinachoua vyote huua pia nyuki, na wale nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na kutusaidia bila malipo, halafu kinamfuata mtoto anayelamba limao bila kuliosha. Na afisa ugani? Namba yake inapatikana. Yeye ndiye asiyepatikana. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini. Ya kata yetu naijua kwa mlio tu. Hupita.

Basi, majirani, asubuhi geuzeni majani machanga wenyewe. Mayai ni ya manjano, madogo ya mviringo, hutagwa moja moja. Yatoeni kwa vidole. Viwavi watieni kwenye kopo la maji ya sabuni. Na dawa ya chupa isiyo na lebo msinunue, hata ikiwa nusu bei.