Tone Moja, Kashata Mbili

Mfyuuu! Jana hapa kijiweni nilisonya mpaka muuza kahawa akadhani nimeungua ulimi.

Kaja jamaa yangu wa gereji, grisi imemjaa mpaka chini ya kucha. Kachomoa kichupa cha kitakasa mikono, katia tone kiganjani, kapangusa mara mbili, na kabla hakijakauka kajifutia suruali. Suruali ya gereji hiyo! Kisha kashata mbili, na ya pili kanimegea. "Kula kaka, mikono salama hii."

Salama ya wapi? Kitakasa nguvu yake ni spiriti, nayo isipungue asilimia 60. Tena unasugua viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole mpaka pakauke penyewe, kama sekunde 20 hivi. Mkono wenye grisi au shombo la samaki, dawa inaishia juu juu. Na kuna virusi vya kuharisha, norovirusi, ambavyo spiriti haivishtui sana. Hapo dawa ni maji tiririka na sabuni.

Na kichupa chenyewe? Nilikinusa. Spiriti hata ya kusingizia haimo. Kumbe kila kikipungua anaongeza maji ya bomba! "Nabana matumizi," anasema.

Mwaka 2020, enzi za korona, tulikuwa na adabu, tusidanganyane. Kila mlango wa duka ndoo ya koki na sabuni, ukipita bila kunawa unarudishwa kama mtoro. Mafundi wa kuchomelea wakatengeneza hadi za kukanyaga kwa mguu, maana walishauona ujinga wa koki: unaifungua kwa mkono mchafu, unanawa weee, halafu unaifunga kwa huohuo uliotakata. Kijijini kibuyu chirizi kinamaliza kazi hiyohiyo kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia, na hakuna anayekipiga picha.

Leo ile ndoo ya duka la ng'ambo ina unga wa dona. Koki bado ipo!

Basi nikainua kikombe nimalizie hasira zangu, jicho likaangukia miguuni kwa muuza kahawa. Anasuuza vikombe vya kijiwe kizima kwenye kopo moja, maji yamekuwa meusi kuliko kahawa anayouza. Nikaganda, kikombe kimefika mdomoni.

Jamaa kaniona. Kanisogezea kichupa taratibu.

"Tia tone, kaka."