Sifa za mbigili

Mnazi umesifiwa na washairi wa pwani hadi makuti yamechoka kusikia. Mkarafuu una serikali nyuma yake. Mbuyu una wazee, mizimu na watalii wa kuupiga picha. Mbigili, unaotambaa kando ya barabara zetu za bara na vijiua vyake vya manjano, hauna hata wakili. Basi najitolea mimi, kwa niaba ya kundi letu lililotoka Mwanza kwa baiskeli likielekea Dar es Salaam, maana njia nzima hakuna aliyetujali kuushinda. Mabasi yalitupigia honi yakapita. Mbigili ulitusimamisha, ukatuketisha chini, ukataka tupumzike.

Tuanze na ufundi wake. Tunda la mbigili likikauka hupasuka vipande vinne au vitano, na kila kipande kina miiba miwili mirefu na miwili mifupi, iliyopangwa kiasi kwamba kipande kikianguka vyovyote vile, hakikosi mwiba wa kutazama juu. Kitupe, kikanyage, kifukie vumbi, bado kiko kazini. Nimeshaona miradi mikubwa ya umma isiyoweza kusema hivyo.

Kwa karne nyingi kipaji hiki kilipotelea kwenye nyayo za mbuzi na watoto wachunga mbuzi. Ndipo mwaka 1888, huko Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alipomfungia mwanawe mipira yenye upepo kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu. Kabla ya hapo watu walipanda mpira mgumu mtupu, unaotikisa meno lakini usiojua pancha. Dunia inamshukuru Dunlop kwa starehe. Mimi namshukuru kwa kuupatia mbigili ajira.

Siku ya Manyoni kwenda Dodoma, kilomita 127, mwenzetu tuliyemwita Mwalimu alikuwa na ratiba. Alitusomea kwenye simu kabla hatujamaliza chapati: saa nne Bahi, saa saba chakula, saa kumi Dodoma, tukiwa tumeoga. Tukateremka Saranda, pale nchi inapoporomoka kuingia Bonde la Ufa, upepo ukivuma masikioni, na bwana mdogo wetu mwenye baiskeli ya mbio akatuacha tukimwona kwa mbali. Tulipofika tambarare basi likaja nyuma kwa honi ndefu isiyo na mjadala, nasi tukajitupa pembeni kwenye majani makavu. Apandaye baiskeli barabara ile ana machaguo mawili, basi au mbigili, na mbigili una huruma zaidi.

Una adabu pia. Hautoboi na kukimbia kama msumari wa barabarani. Unabaki palepale, unaziba kwa mwili wake tundu ulilolifungua, na ukiuacha unaweza kukusindikiza mwendo mrefu. Ni ile pupa yetu ya kuung'oa ndiyo inayoleta pssss. Mwenzetu mmoja aling'oa miiba yote kwa mkupuo, akiihesabu kwa sauti, na tairi likalala kabla hajamaliza hesabu.

Kintinku tukakuta fundi chini ya mti, na beseni la maji, msasa, na kopo la sulesheni lililovaa gamba la miaka. Alizungusha tyubu ndani ya maji polepole, akiibinya, mpaka vipovu vikaanza kupanda, vidogo, kwa mstari. Akaweka alama kwa kalamu, akakausha kwa shati lake, akasugua, akapaka, kisha akakaa. Mwalimu akauliza kwa nini habandiki. Fundi akamwambia sulesheni ikibandikwa mbichi kiraka kinang'oka kabla ya Bahi, na akaendelea kukaa. Saa nne ikapita tukiwa tunaitazama sulesheni.

Akaja mzee, akatusalimu "Mbukwenyi!" Tukamwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikia marahaba na kuuliza shida yetu. Tulipomwambia akainua mguu, akatuonyesha soli ya katambuga yake: raba ya tairi la gari iliyojaa miiba ya mbigili tangu kisigino hadi kidole, yote imevunjikia humo na hakuna uliopenya. "Na nyinyi," akasema, "mngeweka tairi la lori."

Bwana mdogo alirudi saa nzima baadaye, akiikokota baiskeli yake. Viatu vyake vina chuma cha kunasia kwenye pedali, kwa hiyo alitembea kwenye changarawe kama bata, na tairi lake la ng'ambo, ambalo tangu Shinyanga tulikuwa tukielezwa kwamba halipenywi na mwiba, limenywea. Fundi alitazama valvu yake nyembamba kwa muda mrefu. Pampu ya fundi haikuingia. Ilibidi bwana mdogo ajaze kwa pampu yake ya mfukoni, huku tukibadilishana maoni. Ubora wa baiskeli yake ulikuwa umetutenganisha siku nyingi. Mbigili mmoja uliturudisha rika moja, benchi moja.

Wapo wauzaji wanaousaga mbigili na kuuweka kwenye vidonge vya misuli na nguvu za kiume. Sina haja navyo. Jioni ile misuli ya mkono wangu wa kulia ilikuwa imetuna kwa kupiga pampu, bila kumeza chochote.

Na wapo wanaotaka uangamizwe. Mwaka 1961, sisi tukishughulika na uhuru, Marekani iliingiza fukusi kutoka ng'ambo ili wale mbegu na mashina ya mbigili. Fukusi walikula vizuri, na waendesha baiskeli wa California bado wanabeba viraka. Maana mbigili hauna haraka: mbegu yake hulala ardhini miaka, ikingoja mvua, na haihitaji nauli. Inapanda kwato, inapanda kandambili, inapanda tairi.

Dodoma tuliingia taa zimeshawashwa, ratiba ya Mwalimu ikiwa imekufa kifo cha kawaida. Uani kwa gesti tukapindua baiskeli, tukaanza kuchomoa mabaki kwa koleo na kuyatupa chini. Mlinzi akasogea na tochi, akamulika miguuni petu.

"Jamani, mnamwaga nini hapo?"

"Mbegu," akasema Mwalimu.

Mlinzi, aliyekuwa amevaa ndala, akaenda kutuletea ufagio.